Kazi Mradi ya Elementi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Darasa linapofika kwenye jedwali la elementi, walimu wengi wa kemia hapa Dodoma hutoa kazi inayofanana: chukua elementi moja, itafiti, andika ripoti, kisha ieleze mbele ya wenzako. Hapa nimekusanya maswali ambayo wanafunzi na wazazi huniuliza zaidi. Mengine yana majibu mafupi tu, na sikuona sababu ya kuyavuta.

Mwalimu, nichague elementi gani?

Chagua ile ambayo unaweza kuikuta ikifanya kazi karibu na kwenu. Hilo ndilo shauri langu kubwa, na mengine yote yanafuata hapo. Anayeandika juu ya kitu alichokiona huwa na maswali ya kwake mwenyewe. Anayeandika juu ya kitu asichowahi kukiona hunakili, hata kama hakukusudia.

Na Kanda ya Kati tumejaliwa. Kama kwenu ni Hombolo, Mpunguzi au Makutupora na kuna shamba la zabibu, muulize mwenye shamba kuhusu ule unga wa njano unaopulizwa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani. Hiyo ni salfa, elementi namba 16, karibu safi kabisa, na ni mara chache mwanafunzi kupata elementi ambayo haijaungana na kitu kingine. Kama una ndugu Haneti, wilaya ya Chamwino, huenda umeshaona vile vijiwe vya kijani vinavyoitwa krisoprasi. Jiwe lenyewe ni silika, jamii moja na mchanga, lakini ukijani wake unatokana na nikeli kidogo iliyomo. Anayetoka Kondoa ana michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006: ile rangi nyekundu ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu na wa udongo mwekundu unaochafua soksi zako. Wa Manyoni ana jasi ya Itigi, yaani kalsiamu, salfa na oksijeni pamoja na maji ndani ya fuwele moja.

Na kama hujafika popote kati ya hapo, ingia jikoni. Pakiti ya chumvi yenye madini joto tayari ina sodiamu, klorini na iodini.

Dhahabu je? Au oksijeni?

Unaruhusiwa. Ila jiandae kuwa wa kumi na mbili darasani mwenye dhahabu, na mwalimu atasoma yako akiwa ameshachoka. Ukiitaka kweli, usianze na bei wala mapambo. Anza na swali hili: kwa nini dhahabu haishiki kutu, wakati chuma hukaa nje wiki moja ya mvua kikaharibika? Ukilijibu hilo vizuri, utakuwa umeandika kemia.

Nimepangiwa elementi ambayo sijawahi hata kuisikia. Nifanyeje?

Usikate tamaa. Tuseme umepewa galiamu. Kwa macho ya haraka haina lolote, kumbe ina kisa kizuri kuliko nyingi. Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev alipanga elementi zilizojulikana wakati wake katika jedwali, na penye pengo akaliacha wazi. Chini ya aluminiamu palikuwa na pengo. Akatabiri kwamba elementi ya hapo itapatikana, na akataja sifa zake. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata, akaiita galiamu. Densiti (uzito kwa ujazo) aliyopima mwanzoni ilikuwa kama gramu 4.7 kwa sentimita moja ya ujazo, Mendeleev akasema inapaswa kuwa karibu 5.9, kwa hiyo apime upya kwa sampuli safi zaidi. Akapima upya, ikawa 5.9. Mtu ambaye hajawahi kuiona elementi alimsahihisha aliyeishika mkononi!

Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 29.8 tu. Ukiiweka mezani hapa mjini mchana wa Novemba, itayeyuka yenyewe bila jiko. Elementi ngeni nyingi zina kitu cha namna hiyo. Kazi yako ni kukitafuta.

Kosa gani linawapunguzia wanafunzi alama nyingi?

Kuchanganya elementi na kampaundi zake, yaani vitu vinavyopatikana elementi zikiungana. Mwanafunzi anaandika: "Sodiamu hutumika kuungia mboga." Hapana. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ukiidondosha kwenye maji inakimbia juu ya maji huku ikitoa haidrojeni, hata kuwaka moto. Klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana ndipo unapata chumvi, ambayo haifanani na baba wala mama.

Kila unapoandika sentensi kuhusu matumizi, jiulize: hii ni elementi yenyewe, au kampaundi yake? Kisha sema wazi. Andika "kalsiamu kabonati hutumika kutengeneza saruji", usiandike "kalsiamu hutumika kutengeneza saruji". Neno moja tu, lakini linaonyesha unaelewa unachosema.

Nipe mfano. Ripoti nzuri inaanzaje?

Nitatumia kalsiamu, kwa sababu kwa mtu wa Dodoma ndiyo iliyo karibu kuliko zote. Maji yetu mengi ni ya visima, yanatoka chini kwenye miamba, na mengi ni magumu. Unafua, sabuni haitoi povu upesi. Unachemsha maji ya chai, na baada ya wiki chache birika lina ukoko mweupe chini. Watu husema ni chumvi.

Hapo pana swali la ripoti: je, kweli ni chumvi? Kwangua kidogo, tia kwenye glasi ya maji safi, koroga. Chumvi ya mezani ingeyeyuka ikapotea. Ukoko huu unabaki vilevile, umezama chini. Sasa mwaga maji, weka siki. Tazama kwa karibu: vipovu vidogo vinaanza kupanda kutoka kwenye vipande, vipande vinazungukazunguka, na baada ya muda vinapungua. Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi. Kumbe ulichokikwangua kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa, kwenye ganda la yai na kwenye jiwe la marumaru.

Ilifikaje birikani? Maji ya mvua hubeba kabonidayoksaidi kutoka hewani na udongoni, yanakuwa asidi dhaifu, na yanapopita ardhini yanayeyusha kalsiamu kabonati ya miamba na kuibeba ikiwa kalsiamu haidrojenikabonati. Ukichemsha, kampaundi hiyo inavunjika: gesi inatoka na mvuke, kalsiamu kabonati isiyoyeyuka inaganda chini. Ndiyo maana ukoko unajaa kwenye birika na haujai kwenye ndoo.

Baada ya hapo ndipo unaleta atomu. Kalsiamu ina namba ya atomiki 20, elektroni zake zimepangwa 2:8:8:2. Zile mbili za nje inaziachia kwa urahisi, ndiyo maana ipo Kundi la II, na ndiyo maana hutaikuta popote ardhini ikiwa metali tupu. Ikiwa safi ni metali ya rangi ya fedha, inayeyuka kwenye nyuzi joto 842, na ukiitia majini inatoa vipovu vya haidrojeni huku maji yakigeuka kama maziwa. Ni ya tano kwa wingi kwa uzito katika ganda la dunia. Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, asilimia 99 ikiwa kwenye mifupa na meno.

Umeona mpangilio? Namba zimekuja mwishoni, na zimekuja kwa sababu zilihitajika. Ripoti nyingi huzirundika mwanzoni, na msomaji hajui azifanyie nini.

Sina siki nyumbani.

Limau linafaa. Ubuyu na ukwaju vina asidi pia, ila vina mambo mengi ndani yake na rangi zake zinaficha vipovu. Kama huna hiki wala kile, siki ya kupima kidogo haigharimu sana dukani.

Majaribio gani mengine ninaweza kufanya bila maabara?

La sodiamu huhitaji hata kulipanga. Siku maji ya maharage yenye chumvi yakichemka yakafurikia jiko la gesi, tazama moto: ule wa bluu unapiga njano mahali palipodondokewa. Hiyo njano ni alama ya sodiamu. Elektroni zake zinapata nguvu kutoka kwenye joto, zinaruka juu, zinaporudi zinaitoa nguvu hiyo kama mwanga wa njano. Shaba hutoa kijani, potasiamu zambarau hafifu, kalsiamu nyekundu ya tofali, lakini hizo ziache kwa maabara ya shule.

La iodini hufanyika kwa dawa ya iodini ya vidonda, inayouzwa maduka ya dawa. Tone moja kwenye kipande cha ugali na doa linageuka bluu nyeusi, kwa sababu iodini inaingia katikati ya minyororo ya wanga. Hapa wengi hujaribu kupima chumvi kwa kuinyunyizia kwenye ugali. Hakuna kitakachotokea, na chumvi si mbovu. Madini joto ya kwenye chumvi kwa kawaida huwekwa kama potasiamu iodeti, na wanga haubadiliki rangi kwa iodeti, unabadilika kwa iodini iliyo huru. Ukiandika jambo hilo kwenye ripoti, na ukaeleza kwa nini, utakuwa mbele ya watu wengi wazima. Ongeza kwamba upungufu wa iodini ndio huleta rovu, ule uvimbe wa shingoni, na utakuwa umejibu kwa nini inawekwa kwenye chumvi.

Usifanye haya: usichome salfa nyumbani, moshi wake ni salfadayoksaidi, unabana pumzi na ni hatari kwa mwenye pumu. Usicheze na chokaa ambayo haijazimwa, ikikutana na maji inapata joto la kuunguza na ikiingia jichoni ni msiba. Usivunje betri ya aina yoyote. Zebaki usiiguse, hata ukipewa na mchimbaji anayeifahamu.

Kitabu kinasema uzito wa kalsiamu ni 40, intaneti inasema 40.078. Kipi ni sahihi?

Vyote. Kitabu kimekadiria ili upige hesabu kwa urahisi. Kilicho muhimu ni kueleza kwa nini namba kamili ina desimali wakati protoni na nyutroni huhesabiwa mojamoja: elementi katika asili huwa ni mchanganyiko wa isotopu, yaani atomu za elementi ileile zenye idadi tofauti ya nyutroni, na tunachukua wastani. Mfano ulio wazi zaidi ni klorini, 35.5. Hakuna atomu ya klorini yenye uzito huo. Zipo za 35 na za 37, za 35 zikiwa kama robo tatu.

Lazima nitaje aliyegundua?

Ikiwa yupo anayejulikana, ndiyo, pamoja na namna alivyofanya. "Kalsiamu iligunduliwa na Humphry Davy mwaka 1808" haina uzito. Sema kwamba chokaa ilijulikana maelfu ya miaka, lakini hakuna aliyeweza kuitoa metali yake kwa moto, hadi Davy, Mwingereza, alipotumia umeme wa betri, chombo kilichokuwa kipya wakati huo. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshapata potasiamu na sodiamu kwa njia hiyohiyo. Hapo msomaji anaelewa kwa nini elementi tatu zilizojificha miaka yote zilitoka karibu kwa mpigo.

Chuma, shaba, dhahabu, risasi na salfa hazina mgunduzi wa kutajwa. Usimbuni.

Kwetu watu wengi wana meno ya kahawia. Naweza kuandika kuhusu florini?

Andika, ni mada nzuri sana kwa Singida, sehemu za Dodoma, na hata Arusha na Kilimanjaro. Florini yenyewe ni gesi ya njano hafifu, kali kupita elementi nyingine zote kwa kuvuta elektroni. Henri Moissan wa Ufaransa aliitenga mwaka 1886, na mwaka 1906 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Iliyo kwenye maji si gesi hiyo, ni ioni ya floraidi (atomu ya florini iliyopata elektroni moja ya ziada) inayotoka kwenye miamba. Kidogo huimarisha meno, ikizidi huyatia madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, usiandike kwamba kuchemsha maji huondoa floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Njia mojawapo iliyotumika nchini ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu madini ya mfupa yana kalsiamu na fosfeti na huishika floraidi.

Pili, usipige picha meno ya mwenzako ukayabandika kwenye ripoti. Watu wameshacheka vya kutosha.

Na urani ya Bahi?

Utafutaji wa urani umefanyika Bahi, lakini mradi mkubwa unaojulikana nchini uko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma. Usiende kuokota mawe. Kaa na karatasi: Klaproth, Mjerumani, aliitambua mwaka 1789 na kuipa jina la sayari ya Uranus, iliyokuwa imeonekana miaka minane kabla. Becquerel akagundua mwaka 1896 kwamba inatoa mionzi yenyewe.

Ukipenda kwenda mbali kidogo, unganisha urani na heliamu. Atomu za urani na thoriamu kwenye miamba mikongwe huvunjika polepole na kutoa chembe ya alfa, ambayo ikipata elektroni mbili ni atomu ya heliamu. Miamba ya katikati ya Tanzania ni ya kale mno, mingi ikizidi miaka bilioni 2.5, kwa hiyo gesi imekuwa na muda wa kutosha kujikusanya. Mwaka 2016 watafiti walitangaza heliamu nyingi eneo la Rukwa, na maelezo yao yalianzia kwenye miamba hiyo ya zamani. Sijaona mwanafunzi akiandika ripoti hiyo bado. Nafasi ipo.

Taarifa nitazipata wapi hapa mjini?

Anza na kitabu cha kiada, halafu maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ambayo vitabu vyake unavisoma kwa simu. Maktaba ya mkoa ina vitabu vya sayansi, vingi ni vya zamani, lakini namba ya atomiki ya kalsiamu haijabadilika. Kwa mambo ya miamba na madini, GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, ina makao makuu hapahapa Dodoma, na kazi ya kupima miamba ya nchi hii ilianza tangu 1925. Mkienda, nendeni kikundi, na barua ya mkuu wa shule mkononi. Mwanafunzi mmojammoja anayebisha hodi na daftari mara nyingi huishia kwa mlinzi.

Usisahau watu. Mkulima wa zabibu, fundi wa kuchomelea, bibi anayeuza magadi soko la Majengo: hawa wanajua jinsi vitu vinavyotenda kuliko kurasa nyingi za intaneti. Andika walichokuambia na useme ni wao waliosema.

Naweza kutumia akili mnemba iniandikie?

Kukuandikia, hapana. Kukueleza jambo ambalo hukulielewa, sawa, ila hakiki kila namba kwenye kitabu, maana programu hizo huweza kutaja mwaka wa uongo kwa ujasiri uleule wa ukweli. Tunazitambua ripoti hizo upesi. Zina aya zinazolingana urefu, hazina kosa hata moja la tahajia, na mwandishi wake akiulizwa "ioni ni nini?" anaangalia dari.

Ripoti iwe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Sekondari nyingi kemia hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo fuata alichosema mwalimu wako. Lakini tafiti na ufikirie kwa lugha unayoota nayo. Mwanafunzi akiweza kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili kwa nini sabuni haitoi povu, kuandika kwa Kiingereza inabaki kazi ya kamusi.

Kurasa ngapi?

Kama hukuambiwa, nne hadi sita kwa mkono. Jalada lenye maua halihesabiwi.

Mimi ni mzazi, kemia niliiacha zamani. Nimsaidieje mwanangu?

Mwachie jikoni achafue kidogo. Muulize "umejuaje?" kila anapokuambia jambo, na usikubali "imeandikwa" kama jibu. Na tafadhali, mama, baba, usimwandikie. Mwandiko wako tunaujua kutoka kwenye barua za ruhusa.

Kwenye kuwasilisha, nikiulizwa swali nisilolijua?

Sema hujui, kisha sema ungeanzia wapi kulitafuta. Sehemu ya pili ndiyo tunayoipa alama. Njoo na ukoko wako kwenye kichupa na siki kidogo, lakini weka siki mbele ya darasa, usiweke nyumbani, maana vipovu havitakusubiri ufike zamu yako.